Nafasi ya Herufi Nane

Jumatatu, 24 Novemba

Kesho tunafunga. Kuanzia kesho mpaka mwisho wa Machi hakuna ruhusa ya kugusa kiini cha mashine za mto, maana mvua zikishashika hapa Merrin, ukikosea hakuna barabara ya kukufikisha kwenye kosa lako. Leo basi ilikuwa siku ya mwisho ya kiraka changu kuingia, na mzee Lindsay kanisumbua tangu saa nne asubuhi.

Kiraka chenyewe, yaani badiliko langu kwenye programu, ni mistari kumi na minne. Kila programu kwenye zile kompyuta ndogo za kando ya mto hutenga nafasi ya kuandikia mambo yake, nasi tunaiita bafa. Ukiandika kupita nafasi uliyotenga, herufi zinazozidi zinamwangukia jirani. Huko ndani kwenye kiini, kinachoendesha mashine nzima, jirani anaweza kuwa yeyote, na mwizi anayeijua njia hiyo anaweza kuitwaa mashine yote. Ndiyo maana kuna mlinzi, kipande cha programu kinachokagua hizo bafa. Hadi jana mlinzi akiona maandishi yamepitiliza, alipiga kelele, yaani aliandika onyo kwenye kumbukumbu za mashine, na kazi ikaendelea. Kuanzia leo anaizima mashine papo hapo, iwake upya ikiwa safi. Watu wa kazi yetu wamegombania jambo hili miaka nenda miaka rudi, na mimi niko upande wa kuzima.

Lindsay hayuko upande huo. Draiva, ile programu inayosoma kipimo cha mvua na kina cha mto, ni yake, aliiandika mwenyewe, na ingawa amestaafu, hakuna kitu kinachoingia humo bila mstari wa "Imepitiwa na" wenye jina lake. Nimempigia simu.

"Mashine ya mto haizimwi, Ros," kasema. "Ikikosea ilalamike, lakini iendelee. Mtu aliye ng'ambo ya maji hana haja na mashine safi. Anataka namba."

"Hata namba iliyoharibika?"

"Heri iliyoharibika kidogo kuliko hakuna."

"Na mwizi akiingia akawaandikia watu kwamba mto umekauka? Hapo utanipigia wewe, unilaumu."

Nyuma yake nikamsikia mkewe, Del: "Lindsay, mpe huyo binti jina lako yaishe! Tangu asubuhi mnamgombania mlinzi, mlinzi, utadhani mnaoza mtoto!"

Akacheka. Dakika kumi baadaye mstari ukafika: Imepitiwa na: Lindsay Quaife. Ni miaka kumi na saba tangu aanze kunifundisha kazi hii, na sidhani nimemshinda hata mara tatu. Leo nimemshinda, na nitalala usingizi mzuri.

Jumanne, 25 Novemba

Tumefunga. Joto tu.

Alhamisi, 11 Desemba

Radi tangu mchana, mvua hakuna. Fetu, fundi wa halmashauri anayevitunza vituo vyetu vyote vitano, kapita kuchukua betri. "Dada Ros, huyo mlinzi wako mpole kweli. Wiki mbili hajakamata hata panya." Nikamwambia hakuna wa kumkamata. "Basi kazi ya raha hiyo," kasema. "Mniombee nami nafasi."

Ijumaa, 19 Desemba

Chakula cha mchana kwa akina Quaife. Nyumba yao iko ng'ambo ya daraja la chini, juu ya kilima, na ukikaa barazani unauona mto wote mpaka kwenye mashamba ya miwa. Kamba wa baridi, viazi, keki za nazi. Del alikuwa na kesi na kasuari mmoja, ndege mkubwa kama mbuni, aliyepanda ngazi akala papai lote mezani.

"Nimemfukuza kwa ufagio," kasema. "Kanitazama kama vile mimi ndiye mgeni."

"Ndiye mwenye nyumba," Lindsay kasema. "Sisi tunapanga."

Kabla sijaondoka Del alinifungulia ukurasa wa kipimo kwenye simu yake. Hatoki nyumbani bila kuutazama. Mto ukiwa chini ya mita moja na nusu anavuka. Ukizidi hapo anageuza gari, anapika supu. "Mume wangu hanidanganyi," kasema, "labda kuhusu siagi aliyokula." Lindsay alijifanya hakusikia, lakini nilimwona anavyofurahi. Nafikiri hicho ndicho kitu alichojivunia maishani kuliko vyote, kwamba Del anavuka kwa namba yake.

Alhamisi, 1 Januari

Vipimo vya mvua vimerudi sifuri, vianze kujumlisha upya, kama kila mwaka. Saa tatu asubuhi ikaanza kunyesha.

Ijumaa, 9 Januari

Milimita 212. Nguo hazikauki.

Jumamosi, 17 Januari

431. Chura ndani ya kiatu, nami mguu nilishautia.

Jumatano, 28 Januari

788. Lindsay kaniandikia mstari mmoja: "Mlinzi bado yuko hai?" Nikamjibu: "Yuko hai, na halali." Akanirudishia picha ya Del amevaa mabuti ya mvua jikoni.

Jumatatu, 2 Februari

951. Fetu anasema kesho tunapita elfu moja. Si ajabu huku, kila mwaka tunapita.

Jumatano, 4 Februari

Sijui nianze na nini, basi nitaanza na saa.

Jana saa tano na dakika arobaini asubuhi, mashine ya daraja la chini ilinyamaza. Hakuna aliyejua, kwa sababu baada ya dakika moja iliwaka, ikanyamaza tena, ikawaka, ikanyamaza. Kila ilipowaka, kompyuta ya halmashauri iliiona hai ikaridhika. Kwenye ukurasa wanaoutazama watu, ule aliotengeneza Fetu, ikabaki namba ya mwisho iliyofika: mita 1.32, rangi ya kijani. Saa ya kipimo imeandikwa chini yake, kwa herufi ambazo bila miwani huzioni.

Del alikuwa mjini, kwenye ukumbi wa kanisa, wakipanga vitabu vya mnada. Saa nane akawaonyesha wenzake simu. "Kijani. Ngoja niwahi kabla hakijabadilika." Saa nane na dakika tano alimwandikia Lindsay kwamba anatoka.

Lindsay alinipigia saa tisa kasoro.

"Ros, nisomee mto."

"Mita moja nukta tatu mbili."

"Hapana. Nauona kutoka barazani, umeshaingia kwenye miwa. Nisomee mto wenyewe, usinisomee ukurasa."

Nikaingia kwenye mashine yenyewe kwa mtandao. Nilipata nafasi ya sekunde ishirini hivi, kisha ikanifia mkononi. Nikangoja, nikaingia tena, ikafa tena. Mara ya tatu niliona kwa nini. Mlinzi wangu alikuwa anaizima. Alikuwa ameshaizima zaidi ya mara mia. Nikamwambia Lindsay hivyo, kwamba mlinzi anaizima kila dakika, na kwamba mvua imepita elfu. Kwa nini nilitaja mvua sijui, nilikuwa nasema chochote ninachokiona. Yeye hakujibu. Nilihangaika dakika kumi na saba, nikichukua zile sekunde moja moja, mpaka nikampokonya mlinzi amri ya kuzima, abaki na kelele tu. Mashine ikatulia. Namba ikaja.

"Tatu nukta sita moja," nikamwambia.

"Del hajafika," kasema.

Barabara inapinda kabla ya kushuka darajani, na mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba vifuta kioo havikusaidia kitu. Wale waokoaji wa kujitolea wenye magwanda ya rangi ya chungwa walitoka na mashua saa kumi. Leo asubuhi wametoka tena. Nimewaandikia watu wa Luganville, kule Vanuatu, maana wanatumia draiva hiyohiyo na walichukua kiraka changu mwezi Desemba: mpunguzeni mlinzi, apige kelele tu, sababu nitawaeleza.

Alhamisi, 5 Februari

Wamempata Del. Gari lilikwama kwenye miti, mita mia nne chini ya daraja.

Jumamosi, 7 Februari

Mvua. Nimekaa.

Jumatatu, 9 Februari

Fetu kaileta ile mashine ikiwa ndani ya ndoo, imefungwa kwa taulo kama mgonjwa. Tumeisoma pamoja.

Kosa ni dogo mno. Draiva huandika jumla ya mvua kwa herufi, tuseme 999.9mm. Hizo ni herufi saba, na ya nane ni ile sifuri ya kufungia ambayo kila andiko huishia nayo. Nafasi iliyotengwa ni nane, inatosha barabara. Lakini mvua ikifika 1000.0mm herufi zinakuwa nane, na sifuri ya kufungia inakuwa ya tisa. Herufi moja imekosa pa kukaa. Kila mwaka tumepita elfu moja, na kila mwaka ile sifuri ilidondokea mahali patupu pasipo na jirani wa kumdhuru. Mwaka huu mlinzi aliiona, akazima. Mashine ikawaka, ikasoma jumla ileile, akazima tena. Alifanya nilichomtuma.

Halafu nikafungua kumbukumbu za miaka ya nyuma, na hili ndilo linaloniumiza. Kelele zake zimo. Kila Februari, kila Machi, maelfu ya mistari: imepitiliza, imepitiliza. Miaka yote alikuwa anatuambia. Kabla ya kumpa rungu nilipaswa kusoma analalamikia nini, na nilisoma kweli, ila nilisoma za Agosti mpaka Oktoba, kwa kuwa ndizo zilizokuwa karibu. Kiangazi kitupu. Nikaandika kwenye barua ya kiraka: "Hakuna tukio hata moja."

Kuna amri inayokuonyesha kila mstari uliandikwa na nani na lini. Niliiandika huku najua itasema nini. Lindsay Quaife, 14 Julai 2006.

"Kwa hiyo si wewe," Fetu kasema.

"Ni mimi."

"Dada, yeye ndiye kaandika nane."

"Na mimi ndiye nilizima."

"Basi ni ninyi wawili."

"Na wewe uliyeandika saa kwa herufi za sisimizi."

Fetu akaanza kuifunga mashine tena kwa taulo. Ana watoto watatu na Del ndiye aliyewafundisha kuogelea. Sikupaswa kumwambia vile, na nimemwomba radhi, lakini neno likitoka limetoka.

Alhamisi, 12 Februari

Mazishi. Kilio huanza mfiwa na wa mbali wakaingia, ndivyo inavyosemwa, ila Lindsay hakulia, na sisi tulibaki tunatazamana hatujui kama tumeruhusiwa. Akina mama wa kanisa walileta mikate ya mayai. Mvua ilipiga bati la ukumbi mpaka mchungaji akawa anasema kwa kupaza sauti maneno ambayo hayafai kupaziwa sauti.

Nilimfuata Lindsay penye meza ya chai. Nilikuwa nimeandaa la kumwambia.

"Nilikwambia haizimwi," kasema. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini ukumbi wote ulisikia. "Namba ingekuwepo. Ingekuwa imechubuka kidogo, lakini ingekuwepo, naye angeiona akageuza gari. Mlinzi wako alikuwa anafanya usafi."

Neno "nane" lilinijia mpaka kwenye meno. Nikalimeza.

"Pole sana, mzee."

"Usiniite mzee."

Fetu alinishika mkono akanitoa nje. Nililia garini, na sehemu ya kilio kile ilikuwa ya Del, na sehemu nyingine, niseme kweli, ilikuwa ya kuonewa.

Jumapili, 15 Februari

1,377. Mlinzi anapiga kelele, sasa nazisoma zote.

Jumatano, 18 Februari

Luganville wameandika. Wanauliza kwa upole kwa nini wamempunguza mlinzi, na lini kiraka cha kweli kinakuja, maana msimu wa vimbunga ndio huu na hawapendi kulala mlango wazi. Wana haki.

Kiraka ninacho tangu Jumatatu ya juma lililopita. Kufuta nane, kuandika kumi na sita, na kupima urefu kabla ya kuandika. Mtoto wa shule angekiandika. Kinachonishinda ni mstari mmoja wa chini.

Kwa desturi yetu, kiraka cha kurekebisha kosa hakipokelewi bila mstari wa "Inarekebisha". Unataja badiliko lililoleta kosa, tarehe yake na aliyeliandika. Haukuwekwa ili kumwaibisha mtu. Nimetajwa humo mara nyingi, na Lindsay vilevile, na tulikuwa tunataniana kwa hilo. Na programu ya kutuma barua huusoma mstari huo, ikaenda kwenye badiliko lile la zamani, ikakusanya anwani za wote waliotajwa humo, ikawaandikia. Ndiyo kusema nikiandika ukweli, asubuhi moja Lindsay atafungua kompyuta peke yake katika nyumba ile, akute barua yangu inayomwambia kwamba kosa lililomuua mkewe ni lake.

Sasa hivi ananichukia mimi. Chuki inamsimamisha, anakula, anakata majani. Nikimwondolea hiyo nitampa nini badala yake?

Jumapili, 22 Februari

Fetu kaja na supu ya nazi aliyopika mkewe.

"Mwambie," kasema. "Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Kifo kimeshapita, Fetu."

"Hakijapita. Yule mzee amekaa kule anahesabu. Watu wa aina yenu mkinyamaza huwa mnahesabu."

"Hajui kitu. Hajauona hata msimbo tangu siku ile."

"Haya. Wewe ndiye unayemjua." Alisema kwa namna ya mtu asiyekubali.

Nakiri hapa na popote pengine sitasema: kuna asubuhi ninatamani ajue. Naamka nikiwa na ile nane mdomoni, nataka kwenda kumwekea mezani. Kisha namkumbuka Del na ile simu yake, mume wangu hanidanganyi, na natulia.

Ijumaa, 27 Februari

Kimbunga kinazunguka kusini mwa Santo, kisiwa cha watu wa Luganville. Luganville wameuliza tena.

Jumanne, 3 Machi

Nimetuma. Nane imekuwa kumi na sita. Chini nikaandika: Inarekebisha: badiliko la 24 Novemba, Ros Tranter. Mstari mmoja tu, wangu.

Ni uongo. Draiva ilikuwa na kosa miaka kumi na tisa kabla ya Novemba, na asiyekuwa na mlinzi wangu analo mpaka leo. Sijawahi kudanganya kwenye msimbo. Wanaume nimewadanganya, daktari wa meno nimemdanganya, lakini huko kamwe. Kwa kuwa draiva bado ni yake, kiraka kitamfikia apende asipende, ila nimetumaini ataliona jina langu tu kisha akifute bila kusoma.

Jumatano, 4 Machi

Luganville wamekiweka na kumrudishia mlinzi rungu lake. Wameshukuru. Kimbunga kimegeukia baharini.

Ijumaa, 6 Machi

Kimya. Mvua inapungua.

Jumatatu, 9 Machi

Saa mbili asubuhi, kwenye orodha yetu ya barua, mbele ya watu wote, jibu la kwanza la Lindsay tangu Januari:

"Nimekataa. Mstari wa Inarekebisha si sahihi. L. Quaife."

Nilichukua gari bila kunywa chai. Maji yako chini sana, daraja limejaa matope na magogo, na upande mmoja watu wameweka maua ndani ya mtungi wa jamu. Nilivuka polepole.

Alikuwa jikoni. Sahani za siku nyingi zimepangwa vizuri, hazijaoshwa. Hakushangaa kuniona.

"Umekuja kubishana?"

"Sijui nimekuja kufanya nini."

"Kaa basi." Akasogeza magazeti kwenye kiti. "Kiraka chako kinafuta nane kinaandika kumi na sita. Halafu kinasema kosa lililetwa Novemba. Nane ile ina miaka kumi na tisa, Ros. Unadhani mtu anasahau mwandiko wake?"

"Lindsay, nilikuwa..."

"Nilijua siku ileile. Uliniambia mlinzi anazima kila dakika, na mvua imepita elfu. Nilikuwa nimesimama pale." Akaonyesha mlango wa baraza. "Nikahesabu kwa vidole. Tisa, tisa, tisa, nukta, tisa. Kisha moja, sifuri, sifuri, sifuri. Ulipokuwa bado unahangaika kuipata mashine, nilikuwa nimeshamaliza kuhesabu. Wewe ulikuwa unautafuta mto, mimi nilikuwa nimeshajua ni nani."

Hasira ilinijia kabla ya huruma, nami nayaandika yalivyokuwa.

"Ulijua. Na kwenye mazishi ukanivua nguo mbele ya Merrin nzima."

"Ndiyo."

"Mwezi mzima nimekuwa nikikulinda na kitu unachokijua!"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Sikuweza kuubeba," kasema, "na wewe ulikuwa umesimama karibu." Alipangusa meza kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na kitu. "Nilidhani utajitetea. Nilingoja ujitetee, unitupie usoni mbele ya watu, yaishe. Ukasema pole sana, mzee. Nikarudi hapa na hicho pole. Halafu Jumanne naona kiraka, naona umeubeba wote peke yako, na jina lako umeandika. Nimekaa nacho siku sita. Nisamehe, binti."

Nilimshika mkono, akaniachia niushike kidogo, kisha akautoa kwa sababu alitaka kunyooshea kidole kompyuta.

"Sasa uandike sawasawa. Sitaki huruma kwenye msimbo. Kuna mtu atausoma mstari ule miaka ishirini ijayo, hatanijua mimi wala wewe wala Del. Atataka kujua kosa lilianza lini, ili atafute ni bafa gani nyingine yule mpumbavu wa mwaka 2006 alizipima kwa jicho. Akitafuta Novemba hatapata kitu. Na pengine naye ana mto."

"Na wangu unabaki," nikasema.

"Mlinzi hakukosea. Nilisema vibaya. Aliona kitu cha kweli."

"Aliona miaka yote, akasema miaka yote. Mimi ndiye niliyemtuma azime bila kumsikiliza. Itakuwa mistari miwili, Lindsay, au kiandike wewe mwenyewe."

Akafikiri kwa ule uso wake wa kazi ambao sikuwa nimeuona tangu mwaka jana. "Miwili," kasema.

Basi tuliandika pale pale, kwenye meza yake ya jikoni. Yeye aliitaja tarehe kwa kichwa, mimi nikaipiga: Inarekebisha: badiliko la 14 Julai 2006, Lindsay Quaife. Chini yake wangu. Kisha akaandika mwenyewe, kwa vidole viwili, Imepitiwa na. Nikaiita programu ya kutuma. Ikausoma mstari mpya, ikalifuata lile badiliko la zamani, ikarudi na orodha ya watakaopelekewa barua, ili nikubali. Nikaanza kuipitia kama kawaida. Mimi, Lindsay, Fetu, wale wa Luganville, wawili wa Brisbane. Jina la kumi na moja lilikuwa Delphine Quaife.

Nilidhani nimekosea kusoma. Lindsay alivaa miwani, akainama.

"Imejaribiwa na," kasema taratibu. "Nilimwandika. Alinisaidia kujaribu, ikabidi nimwandike, ndiyo desturi." Akavua miwani. "Alipanda juu ya tangi na kopo la kumwagilia maua, anamwaga ndani ya kipimo, mimi niko chini nasoma namba. Mchana mzima. Alilowa mpaka kwenye soksi. Tulifika mia tatu na kitu, akaniita, 'Niendelee?' Nikamwambia inatosha, shuka."

Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa kelele, kichwa mezani, mzee wa miaka sabini na nne, nami nilimshika mabega na kulia pamoja naye, na sikumwambia nyamaza.

Alipotulia, kompyuta bado ilikuwa inangoja jibu: tuma kwa wote? Nikamuuliza kama nimtoe Del kwenye orodha. Anaweza kutolewa, ni kufuta mstari mmoja tu.

Aliitazama skrini.

"Mwache," kasema. "Kazi yake aliifanya."

Nikabonyeza. Barua imeenda kwa watu kumi na mmoja.